Ngozi Kwenye Mdomo wa Bomba

Kibanda cha uhunzi cha baba, kule Hirbadaw, kilikuwa kinafupika kila mwaka. Nilipokuwa mdogo baba aliingia akiwa wima. Nilipokwenda sekondari alikuwa anainamisha kichwa. Nilipopata nafasi ya chuo kikuu alikuwa anaingia akiwa amekunja mgongo, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Paa halikuwa limeshuka. Sakafu ndiyo iliyopanda. Kila jioni, kabla ya kufunika moto, baba alifagia majivu, magamba ya chuma na vumbi lote la jiwe la kunolea, akalimwaga katikati ya kibanda, akalinyunyizia maji, na sisi watoto tukalikanyaga mpaka likashika. Hakutupa hata chembe nje.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Niliuliza kwa nini vumbi la kibandani lisitupwe nje kama majivu ya jikoni, na baba akaendelea kufagia. Kaka yangu ndiye aliyenijibu. Alinizidi umri kiasi cha kuwa alinibeba mgongoni, na kwa muda mrefu niliamini kila alichosema. Alisema kabla sijazaliwa ng'ombe wa jirani mfugaji alikunywa maji ya hori ambamo baba alipoozea chuma cha moto. Ng'ombe akafa. Jirani alikaa kimya kwanza, halafu wazee wakaja, wakakaa nje ya boma letu, wakasema maji ya mhunzi yameua. Baba akatoa mtamba, yule mmoja aliyekuwa naye, na kibanda kikahamishwa mbali na njia ya ng'ombe.

"Ng'ombe alikuwa mgonjwa?" niliuliza.

"Mimi nitajuaje?"

"Kuna mtu aliyempasua akaangalia?"

"Wewe," kaka alisema, "ukikua utakuja kumuuliza mvua kwa nini inalowesha."

Kwa asiyetoka kwetu lazima nieleze kidogo. Katika tambarare za Hanang sisi wa ukoo wa wahunzi tuliishi katikati ya wafugaji. Tulisema lugha yao, tuliwatengenezea mikuki, bangili na kengele za ng'ombe, lakini hawakuoa kwetu wala hawakutuoza, na mzee wa kifugaji hakuingia kibandani kwa mhunzi. Akitaka mkuki alisimama nje akaita. Hakuna aliyetutukana. Ilikuwa hivyo tu, na nyumbani hatukuwa na jina la jambo hilo. Mimi ndiye niliyelipa jina, dharau, baada ya kusoma vitabu, na baba hakupenda nilipolitamka mbele yake.

Dharau hiyo hiyo ndiyo iliyonipeleka shule. Serikali mpya ya uhuru ilipotaka watoto, wafugaji wengi waliwaficha wa kwao machungani. Baba hakuwa na ng'ombe wa kuchungwa. Akanitoa mimi. Kaka alikuwa ameshazoea nyundo, akabaki.

Niliporudi Hanang nilikuwa nimesomea mitambo na nilikuwa sijui kunyamaza. Chuoni tulikuwa tumebishana juu ya kila kitu: kama kijiji kinaweza kuwa cha ujamaa kwa amri, kama mashine ya kupewa ni msaada au ni kamba ya shingoni, kama sisi tunaosoma kwa jasho la wakulima tuna haki gani ya kuwafundisha kulima. Nikapangiwa kazi katika karakana ya kijiji kimoja upande wa Gendabi, kusimamia mitambo. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka makwao wakapangwa kwa mistari, wakulima, wafugaji na wahunzi, nyumba ikitazamana na nyumba. Baba hakuhamia. Alifariki mwaka uliotangulia operesheni ile. Kaka alihamia, na nilipofika nilimkuta ni mkuu wa jiwe.

Jiwe lilikuwa moyo wa karakana. Chuma chakavu kutoka mashamba ya ngano, matrekta yaliyochoka na plau zilizovunjika, kiliyeyushwa na kumiminwa katika kalibu za mchanga ili kupata majembe ya plau na magurudumu ya mashine za kupukuchua mahindi. Kikipoa kilitoka kimeganda mchanga kila upande, kina ncha na mikia isiyotakiwa. Hapo kilipelekwa kwenye jiwe kubwa la kusaga, lililozungushwa kwa mkanda na injini ya dizeli, na kaka akakisukuma mpaka kikalainika. Cheche zilipendeza kutazama. Lakini cheche ni zile nzito, zinazoanguka. Mchanga uliosagwa pamoja na chuma huwa mwepesi kuliko unga, hauanguki, unaelea, na mtu anauvuta bila kuhisi chochote.

Wafadhili wa ng'ambo waliotupatia mashine walilijua hilo, kwa hiyo walituletea pia mtambo wa kuvuta vumbi. Juu ya jiwe palikuwa na kofia ya bati yenye mdomo mpana. Kutoka kwenye mdomo bomba lilipita ukutani hadi nje, na huko feni kubwa ilivuta hewa na kuipeleka kwenye kabati la chuma lenye mifuko mirefu ya kitambaa. Vumbi lilitakiwa kubaki kwenye mifuko na hewa safi itoke. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na hotuba yake juu ya mtambo huo, na kila mgeni alipofika aliitoa.

"Ndugu wageni," alisema, "mkoloni alitaka mapafu yetu. Leo mapafu ya mfanyakazi yanalindwa na feni!"

Wageni walisikiliza feni ikinguruma, wakapiga makofi.

Kaka alikuwa anasimama kando ya jiwe wakati wa hotuba hizo, amevaa ovaroli, na mwenyekiti akimaliza alimshika bega akisema, "Huyu ndiye ndugu fundi wetu." Nilimwona mzee mmoja wa kifugaji, mjumbe wa halmashauri ya kijiji, akimpa kaka mkono mbele ya watu, nje kwenye uwanja wa bendera. Kaka aliupokea kwa mikono miwili. Mimi niliyesoma nilicheka moyoni. Niliona ni mkono wa mkutano. Kaka hakuona hivyo, na jioni alimsimulia mke wake habari ya mkono ule mara mbili nikiwa hapo hapo.

Shemeji ndiye aliyenistua. Tulikuwa tunachambua maharage kwenye ukumbi wa nyumba yao, kaka hajarudi.

"Ndugu yako halali chini siku hizi," alisema.

"Analala wapi?"

"Anakaa. Anaegemea ukuta mpaka kunakucha. Akilala chali anasema kuna mtu amemkalia kifuani."

"Ameenda zahanati?"

"Ameenda. Yule dada wa Tanga amempa sindano za kifua kikuu. Sindano zimekwisha, mtu bado amekaa kifuani."

Muuguzi wa zahanati, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga na aliyeogopa baridi ya Hanang kuliko ugonjwa wowote, hakukasirika nilipokwenda kumuuliza. Alikuwa amejifunga khanga tatu. "Kaka yangu, mimi nina dawa za kifua kikuu, nina malaria, nina tumbo," alisema. "Kama ni kitu kingine basi sina jina lake wala dawa yake. Anafanya kazi gani huyo?" Nilipomwambia, akaniuliza, "Si mna ile feni?"

Tulikuwa nayo. Asubuhi iliyofuata nilisimama karakanani nikaitazama kwa jicho ambalo ningekuwa nimelitumia tangu siku ya kwanza kama nisingekuwa na shughuli ya kubishana na mwenyekiti juu ya siasa. Feni ilizunguka vizuri. Mkanda ulikuwa umekaza. Lakini kenchi za paa zilikuwa zimevaa vumbi la kijivu, nene, na nilipogusa boriti moja likaanguka kama ugoro. Nikashika kipande cha karatasi, nikakipeleka kwenye mdomo wa kofia. Mdomo unaovuta ungekinyakua. Karatasi haikutikisika.

"Msomi anaipungia mashine kwaheri," mmoja wa wafanyakazi alisema, na wenzake wakacheka.

Kaka hakucheka. Alizima jiwe, akaniambia twende tukanywe chai.

"Bomba limeziba," nilisema.

"Twende tukanywe chai, mdogo wangu."

Sikwenda. Nilichukua spana nikafungua kofia. Nyuma yake, pale bomba linapoanzia, palikuwa na ngozi ya ng'ombe. Haikuwa imeingia kwa bahati mbaya. Iliwambwa ikiwa mbichi, ikafungwa kwa kamba za ngozi pande zote, ikakaukia hapo mpaka ikakaza kama ya ngoma. Niliigonga kwa kidole ikalia. Feni ilikuwa inanguruma upande wa pili, inavuta ngozi, na wageni wanapiga makofi.

Wale wafanyakazi wengine walikuwa wanajua. Niliona jinsi walivyoanza kutafuta vitu vya kufanya. Kazi ya kuwamba ngozi kwa namna ile ilikuwa ya kaka. Baba ndiye aliyetufundisha, kwa ajili ya mivukuto ya kupulizia moto.

Tulizungumza nje, nyuma ya karakana, tumesimama penye kabati la mifuko. Nilipandisha sauti. Nilimwambia nimesoma magazeti ya kigeni yanayoeleza watu wa machimboni wanavyokufa kwa mchanga kama huu, kwamba kifua kinageuka jiwe, kwamba hakuna sindano. Nikamuuliza kama alidhani feni ni mapambo. Nikasema hata ujinga una mipaka. Alisubiri nimalize. Alikuwa anasubiri pia pumzi yake.

"Fungua kabati," alisema.

Nilifungua. Mifuko ilikuwa imechanika, mingine imebaki kola tu, inaning'inia kama nguo za maskini kwenye kamba. Ilikuwa imechakaa kabla sijafika, na mingine haikuletwa. Vumbi lililotakiwa kubaki humo lilikuwa limetoka lote.

"Sasa tazama chini."

Nyasi za upande ule zilikuwa bado zina kijivu kwenye mashina, mvua haijazisafisha vizuri. Na katikati ya nyasi ilipita njia pana, iliyokanyagwa na kwato, inayoshuka kwenda kwenye maji. Ilikuwa njia ya ng'ombe wa yule mzee mjumbe, aliyempa kaka mkono. Wala hakuwa mgeni kwetu. Baba yake ndiye yule jirani ambaye ng'ombe wake alikunywa maji katika hori la baba yetu, na ndiye aliyepokea mtamba.

"Mashine hii inatupa vumbi la mhunzi kwenye majani ya watu," kaka alisema.

"Kwa hiyo ukaamua ulile wewe."

"Baba alilikanyaga ndani maisha yake yote. Hakufa kwa kifua."

"Baba alikuwa ananoa mkuki mmoja kwa wiki! Wewe unasaga chuma kutwa!"

"Usinipigie kelele," alisema. "Ng'ombe wanasikia."

Alisema kama mzaha, na sikujua kama ni mzaha.

Nilikuwa na hasira na watu wengi kwa mpigo. Na mwenyekiti kwa hotuba zake, na wafugaji kwa mtamba wa zamani, na waliochora mtambo ule huko kwao, ambao katika mchoro wao waliandika "nje" wakidhani nje hakuna mtu. Nilikuwa na hasira na kaka zaidi. Lakini nilikuwa na kazi moja iliyoeleweka: kuitoa ngozi ile kabla kifua chake hakijafika mahali pasipo na njia ya kurudi. Nilianza na mifuko. Kitambaa kilikuwa adimu. Watu walisubiri shati kama wanavyosubiri mvua. Nilisumbua ofisi za wilaya mpaka nikapewa jora la amerikani lililokusudiwa mapazia ya ukumbi wa mikutano, na shemeji na wenzake wakashona mifuko kwa mkono. Hakikuwa kitambaa chenyewe kinachotakiwa. Vumbi jembamba lingepita, ila kidogo.

Kaka aliniuliza hicho kidogo kitaenda wapi. Nikasema tutaihamisha njia ya ng'ombe. Akasema hilo si la kwangu kusema.

Nikalipeleka kwa mwenyekiti, naye akaitisha mkutano. Nilimwamkia yule mzee kabla hatujakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa yule wa kibanda kifupi."

"Ndiyo, mzee."

"Nimesikia umesoma mpaka ukajua njia za ng'ombe."

Watu wakacheka. Mwenyekiti alifungua kwa hotuba, akasema bomba ni mali ya umma na ngozi iliyomo ni hujuma, na hapo nikaona uso wa kaka ukigeuka rangi, nikasimama kabla ya kuruhusiwa. Nilieleza vumbi ni nini. Nikaeleza linakwenda wapi likitoka na linakwenda wapi lisipotoka. Nikaomba ng'ombe wapitishwe upande wa shule.

"Vumbi hili linaua ng'ombe?" mzee aliuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo la wazi. Nikasema ukweli, kwamba sijui, nadhani hapana kwa kiasi kile, lakini kwa mtu anayelivuta kila siku linaua.

"Hajui," mzee aliwaambia wenzake. "Amekwenda mpaka Dar es Salaam, amerudi hajui." Akatafuna tumbaku yake. "Upande wa shule pana majani. Tutapita huko. Mimi sikuwahi kulalamika juu ya bomba. Mtu amelalamika?"

Hakuna aliyelalamika, hata mara moja. Kaka alikuwa ameketi nyuma, anatazama mikono yake.

Ngozi ikatolewa. Kwa muda mambo yalikuwa kama nilivyotaka. Nilizifagia zile kenchi mwenyewe, na hazikuvaa vumbi tena isipokuwa utando mwembamba. Karatasi yangu ilinyakuliwa na mdomo wa kofia, na wafanyakazi wakaufanya mchezo, kila asubuhi mmoja anailisha mashine jani. Shemeji akaniambia kaka amelala chini. Si usiku wote, lakini amelala.

Ila ng'ombe hawakuhudhuria mkutano. Walipitishwa upande wa shule kwa fimbo, na mchungaji akigeuka tu, wachache waliokuwa wazee wa njia ile waliirudia. Mwanzoni mwa kiangazi ng'ombe mmoja wa yule mzee alikutwa amekufa kwenye korongo nyuma ya karakana. Watoto wa mzee walikuja wakamchuna hapo hapo, wakagawana nyama, wakaondoka. Hakuna mtu aliyesema neno juu ya bomba.

Asubuhi iliyofuata karatasi yangu haikutikisika.

Nilitoa kisu nikaikata ngozi mbele ya kila mtu. Siku ya pili palikuwa na nyingine. Nikaikata hiyo pia. Ngozi haikosekani Hanang. Kaka hakunizuia wala hakubishana, alisimama pembeni mpaka nikamaliza, kama anavyosimama mtu mzima mtoto anapolia.

"Amesema nini?" nilimuuliza. "Mzee amesema nini juu ya ng'ombe wake? Niambie neno moja."

"Hajasema kitu."

"Basi!"

"Baba yake pia hakusema kitu kwanza."

"Kaka, sasa kuna kijiji, kuna halmashauri, kuna mahakama ya mwanzo. Hakuna mtu atakayekuja kukaa nje ya nyumba yako na kudai mtamba."

Akafuta uso kwa kiganja, na kiganja kikaacha mstari safi kwenye vumbi.

"Wewe utahamishwa," alisema. "Leo uko hapa, kesho serikali itakupeleka Lindi. Mwenyekiti atabadilishwa. Hiyo mashine itaharibika. Mimi na yule mzee ndio tutabaki, nyumba yake na yangu, na watoto wake na wangu."

Nilikwenda kwa mzee. Boma lake la ng'ombe lilikuwa nje ya kijiji, upande wa Gehandu, kwa kuwa alikubali kuhamisha nyumba lakini hakukubali kuhamisha ng'ombe. Nilimkuta anamkamua mbuzi. Nilimuuliza bila kuzunguka kilichomuua ng'ombe wake.

"Uzee," alisema. "Meno yalikuwa yamekwisha. Ameteleza korongoni akavunja mguu, akalala huko usiku na baridi. Kwa nini?"

"Si vumbi?"

"Tumekula nyama yake, mimi na wajukuu. Wewe ungekula ng'ombe wa sumu?"

Sikuwahi kusikia ushahidi mzuri kuliko huo chuoni. Nilirudi karibu nikikimbia. Kaka alisikiliza yote, akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akasema, "Amekuambia wewe."

"Kuna tofauti gani?"

"Mimi hajaniambia."

Nikarudi kwa mzee siku nyingine nikamwomba aende mwenyewe. Akacheka, na meno yake yalikuwa machache.

"Ng'ombe wangu amekufa, halafu mimi niende kwa mhunzi kumtuliza? Hiyo ndiyo siasa mpya?"

"Ni mgonjwa, mzee."

"Nimeona. Anatembea kama mtu wa umri wangu." Akaacha kucheka. "Huwa hatuendi huko. Wewe unajua."

"Ulimpa mkono."

"Uwanjani," alisema. "Uwanjani ni pa serikali."

Niliwaza mambo mengi katika miezi iliyofuata, na mengi hayakuwa mazuri. Niliwaza kulivunja jiwe. Niliwaza kumwandikia mkuu wangu kwamba kaka aondolewe kazini, na nilimtajia kaka wazo hilo. Akasema nikimtoa kwenye jiwe nimemtoa kwenye uwanja wa bendera, na nifanye ninavyotaka. Sikuandika. Nilimfunga kitambaa chenye maji usoni, alikivaa nikiwapo, na nikiondoka kiliteremka shingoni kwa kuwa hakuweza kuvuta pumzi kupitia kwacho. Mvua za vuli zilikuja. Shemeji hakunieleza tena jinsi anavyolala.

Mzee alikuja mvua zilipoanza, kwa sababu ya plau. Shamba la kijiji lilikuwa limemfanya mkulima kwa shingo upande, na plau aliyopewa ilikuwa butu. Nilimwona kupitia dirishani. Alisimama nje ya mlango, mbali kidogo, kijana wake ameshika plau, akaita kama babu yake alivyoita akitaka mkuki. Jiwe lilikuwa linazunguka. Kaka hakusikia. Mzee akaita tena.

Ningeweza kwenda kuipokea ile plau mwenyewe, kazi ingekwisha. Nilizima injini. Mkanda ukapunguza mwendo, jiwe likanyamaza, feni ikanyamaza, na katika kimya kile mzee akaita mara ya tatu, kwa sauti kubwa mno, "Mhunzi!"

Kaka akatoka. Alikuwa wa kijivu kuanzia nyusi mpaka viatu. Akasimama kizingitini, anashikilia mwimo, anahema.

"Plau," mzee alisema.

"Naiona. Shikamoo."

"Marahaba." Mzee akatazama korongo, akatazama kabati la bomba, akanitazama mimi niliyekuwa dirishani, na nadhani alinitukana kwa macho. "Yule ng'ombe wangu alikufa kwa uzee," alisema.

"Nimesikia."

"Tulikula nyama yake."

"Nimesikia, mzee."

"Nakwambia wewe. Sijamtuma mtu."

"Ndiyo, mzee."

"Basi. Plau nitaifuata kesho." Akaondoka, na kijana wake akaiweka plau pale pale kwenye matope, hatua chache kutoka mlangoni, akamfuata.

Kaka ndiye aliyeitoa ngozi. Alikataa nimsaidie. Alikata kamba moja, akapumzika, akakata nyingine, akapumzika tena, na sisi wote tulikaa tukimngoja kwa sababu hakuna aliyethubutu kushika kisu. Ilipotoka aliikung'uta nje, akaiviringa, akaiweka juu ya benchi. Siku ile bomba lilivuta. Alisaga plau ya mzee akiwa amekaa juu ya ngozi hiyo, kwa kuwa hakuweza tena kusimama mbele ya jiwe mpaka kazi iishe, na hiyo ndiyo plau ya mwisho niliyomwona akiisaga. Baada ya hapo jiwe likashikwa na mwingine.

Serikali haikunipeleka Lindi. Ilinipeleka Tabora, lakini kaka alikuwa amekisia vizuri. Nilipopata likizo nilirudi Gendabi. Shemeji alisema nitamkuta karakanani, nikashangaa, maana nilikuwa nimeandikiwa kwamba hawezi hata kubeba ndoo.

Sikumkuta ndani. Nilimkuta nyuma, upande wa kabati la mifuko, amekaa chini kwenye ile ngozi, ameegemea ukuta, fimbo ndefu mapajani. Mifuko ya amerikani ilikuwa imeanza kuchanika, na juu ya kichwa chake bomba lilikuwa linapumua moshi mwembamba wa kijivu uliotua kwenye majani, kwenye kofia yake na kwenye mabega yake. Ng'ombe wawili walikuwa wanakuja taratibu kwa njia yao ya zamani. Kaka aliinua fimbo akawapigia kelele isiyo na sauti. Wakasimama. Wakageuka kuelekea shule.

"Wanarudi kila siku," aliniambia, akatafuta pumzi. "Hawasikii."

"Kaka, hapa ndipo vumbi linapotokea."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nimekaa hapa."

Akasogea kidogo kwenye ngozi ili nami nipate pa kukaa.